Saa za Seva Zinapopishana: Hatua za Kutafuta Kosa na Kulirekebisha

Kila umeme unapokatika na kurudi, simu yangu huanza kuita, na maswali ni yaleyale. Mfumo unawakatalia watumishi kuingia ingawa nywila zao ni sahihi. Risiti ya asubuhi ya leo imechapwa kwa tarehe ya jana. Kivinjari kinadai kwamba cheti cha usalama bado hakijaanza kutumika. Nakala rudufu iliyopangwa kufanyika usiku wa manane imefanyika watu wakiwa mezani wanafanya kazi. Wanaouliza ni vijana waliokabidhiwa vyumba vya seva hapa Dodoma mjini, Kondoa, Mpwapwa na Kongwa, wengi wao wakiwa peke yao katika kazi hiyo, na mara nyingi huwa wameshahangaika siku nzima na nywila au hifadhidata kabla hawajaitazama saa.

Jambo ninalosisitiza kuliko yote ni kwamba usiiguse saa kabla hujaipima. Ukubwa wa tofauti kati ya saa ya seva na saa sahihi ndio unaokuambia kosa limetoka wapi, na ukikimbilia kuirekebisha kwa mkono kabla hujaiandika tofauti hiyo, utakuwa umefuta alama ya pekee iliyokuwepo, na wiki ijayo kosa litarudi bila wewe kujua lilikoanzia.

Katika mwongozo huu, saa inayoandikwa kwa tarakimu zenye nukta mbili katikati, kama 14:05, ni saa ya kompyuta inayohesabiwa kuanzia usiku wa manane, na ninapoandika "saa nane mchana" ninamaanisha saa yetu ya Kiswahili. Utaona baadaye kwa nini nimeona haja ya kulisema hili mapema.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na ruhusa ya kuendesha amri kama msimamizi wa seva, yaani kupitia `sudo` au akaunti ya `root`. Uwe na orodha ya anwani za seva zote zinazohusika, kwa sababu tatizo la saa ni nadra kuwa la mashine moja. Uwe na simu iliyowekwa ipate saa kutoka mtandaoni yenyewe, ambayo itakutosha kwa makadirio ya sekunde chache. Uwe na daftari na kalamu, wala sifanyi mzaha. Kama seva ni mashine halisi uliyo nayo chumbani na si kompyuta pepe (inayoendeshwa kwa programu ndani ya mashine nyingine), tafuta betri mpya ya CR2032 ya volti 3 pamoja na bisibisi. Mwisho, zungumza na mwenye hifadhidata kabla ya kubadili chochote, na uwe na ufunguo wa chumba cha seva, kwa kuwa saa iliyoharibika inaweza kukufungia nje: namba za siri za kuingilia zinazobadilika kila sekunde 30 hutegemea saa, na seva ikiwa imebaki nyuma kwa dakika kadhaa haitazikubali.

Nadharia unayohitaji ni ndogo. Seva hupata saa kwa itifaki ya NTP (Network Time Protocol, utaratibu wa mashine kuulizana saa mtandaoni), kazi ya David L. Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, ambayo hutuma pakiti za UDP kwenye poti 123. Vyanzo vya saa hupangwa kwa madaraja: saa ya atomiki au kipokezi cha GPS ni daraja la 0, seva iliyounganishwa nacho moja kwa moja ni daraja la 1, inayosoma kutoka kwa hiyo ni la 2, na kuendelea hadi 15. Ukiona daraja la 16, maana yake ni kwamba mashine hiyo haijasawazishwa na chochote. Mifano ninayotoa inatumia Linux yenye programu ya chrony, ambayo ndiyo ninayoipendekeza. Wenye Windows watapata sehemu yao kuelekea mwisho.

Hatua kwa hatua

1. Pima tofauti na uiandike. Ingia kwenye seva na uendeshe amri hizi:

`date -u`
`timedatectl`
`sudo chronyd -Q 'server 10.20.1.5 iburst'`

Badala ya 10.20.1.5 weka anwani ya chanzo chako cha saa. Herufi Q kubwa inamaanisha kuuliza tu bila kugusa saa, nayo itakujibu kwa mstari unaosema `System clock wrong by` ukifuatwa na idadi ya sekunde. Nakili namba hiyo daftarini pamoja na jina la seva. Kama chanzo hakijibu kabisa, linganisha na simu na uandike makadirio yako. Rudia katika seva mbili au tatu nyingine, ili ujue kama ni mashine moja imepotea au zote zimepotea pamoja. Zikiwa zote zimepotea kwa kiasi kilekile, kosa liko kwenye chanzo wanachokisoma, si kwao.

2. Isome tofauti hiyo. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo usiharakishe.

Tofauti ya saa 3 kamili ni ya ukanda wa saa. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya dunia, UTC, mwaka mzima, wala hatuna mabadiliko ya majira ya kiangazi. Kama `date -u` inaonyesha UTC sahihi lakini `date` ya kawaida imekosea, saa yenyewe haina ubaya wowote, ni ukanda tu uliowekwa vibaya. Kama `date -u` yenyewe iko mbele kwa saa 3, basi kuna mtu au mfumo ulioandika saa ya hapa kwenye saa ya ubaomama (bodi kuu ya mashine, ambayo hutunza saa kwa betri), na Linux imeisoma kana kwamba ni UTC. Hili hutokea sana kwenye mashine iliyowahi kuwa na Windows, ambayo kwa kawaida huhifadhi saa ya mahali ilipo.

Tofauti ya saa 1 kamili mara nyingi ni ukanda wa jirani uliochaguliwa kwa bahati mbaya kwenye orodha: Malawi, Msumbiji, Zambia, Rwanda na Burundi ziko saa 2 tu mbele ya UTC. Tofauti ya saa 12 ni kuchanganya asubuhi na jioni wakati wa kujaza saa kwa mkono.

Tofauti ya saa 6 ni yetu wenyewe. Asubuhi moja kijana wa ofisi ambayo sitaitaja alinipigia akiwa na wasiwasi kwamba mfumo mzima umekataa watu kuingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hapo kwenye kioo pameandikwa saa ngapi?"

"Sifuri mbili na dakika kumi na nane."

"Na hapo nje kukoje?"

Akanyamaza kidogo. "Nje jua limeshapanda, mzee."

Jana yake alikuwa amebadilisha betri, na asubuhi ile alipoiwasha seva ikamtaka ajaze saa. Akamwuliza mlinzi kupitia dirishani ni saa ngapi, akajibiwa saa mbili na dakika kumi, akaandika 02:10, dakika nane kabla hajanipigia. Mlinzi hakukosea hata kidogo, wala kijana hakusikia vibaya. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00, saa mbili usiku ni 20:00. Ukiandika saa ya Kiswahili mchana, seva hubaki nyuma kwa saa 6. Ukiiandika mwanzoni mwa usiku bila kubadili tarehe, hubaki nyuma kwa saa 18. Na ukiandika 08:00 wakati ni saa nane usiku, seva hutangulia kwa saa 6. Ninawashauri wote wanaojaza saa kwa mkono waitazame simu iliyowekwa kwenye mfumo wa saa 24, wasimwulize mtu.

Tofauti ya miaka, yaani seva inayodai kwamba ni mwaka 2000 au 1970, au tarehe ya zamani inayokaribiana na ile ya kutengenezwa kwake, ni betri ya ubaomama iliyokufa. Tofauti ya dakika kadhaa isiyo na mpangilio kwenye kompyuta pepe huashiria kwamba iligandishwa kisha ikaamshwa. Na tofauti ya sekunde zinazoongezeka taratibu siku hadi siku ni saa isiyosawazishwa kabisa: kioo cha kwazi ndani ya mashine kikikosea kwa sehemu 50 tu katika milioni, utapoteza au utaongeza zaidi ya sekunde 4 kwa siku, ambazo ni zaidi ya dakika 2 kwa mwezi.

3. Hakikisha ni huduma moja tu inayoongoza saa. Kosa hili nimelikuta mara nyingi: fundi wa kwanza aliweka ntpd, wa pili akaongeza chrony, na mfumo wenyewe ulikuja na systemd-timesyncd, kisha huduma mbili zinavutana usukani na saa inayumba. Angalia:

`systemctl list-units | grep -E 'chrony|ntp|timesync'`

Bakiza moja na uzime nyingine kwa `systemctl disable --now`. Kumbuka kwamba kwenye Debian na Ubuntu huduma inaitwa `chrony` na faili la usanidi ni `/etc/chrony/chrony.conf`, ilhali kwenye mifumo ya ukoo wa Red Hat inaitwa `chronyd` na faili ni `/etc/chrony.conf`. Watu wengi wamehariri faili ambalo halisomwi na yeyote.

4. Weka ukanda wa saa ulio sahihi.

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Usitafute Dodoma katika orodha, haimo; ukanda wa nchi nzima unabeba jina la Dar es Salaam. Endesha `timedatectl` tena na uhakikishe kwamba mstari wa `RTC in local TZ` unasema `no`. Tahadhari: kamwe usirekebishe tofauti ya ukanda kwa kusogeza saa. Ukiisogeza saa ili kioo kionyeshe namba unayoitaka huku ukanda ukiwa na kosa, kumbukumbu zote za matukio zitaandikwa kwa UTC ya uongo, na chrony itakayokuja kurekebisha UTC itakurudishia kosa lilelile.

5. Tazama vyanzo.

`chronyc sources`

Alama mbili zilizo mwanzoni mwa kila mstari ndizo zenye habari. `^*` ni chanzo kinachofuatwa sasa, `^+` ni kizuri na kinachanganywa na kilichochaguliwa, `^?` hakifikiki au hakikubaliki. `^x` kimeonekana kuwa mwongo kikilinganishwa na wenzake. Kisha soma safu ya `Reach`. Namba hiyo huandikwa kwa hesabu ya msingi wa nane, na inarekodi majibu ya maombi manane ya mwisho: 377 inamaanisha yote manane yamejibiwa, 0 inamaanisha hakuna hata moja. Baada ya kuiwasha huduma utaiona ikipanda 1, 3, 7, 17, 37, na kuendelea. Ikiwa ni 0, nenda hatua ya 6. Ikiwa ni 377 na una nyota, ruka hadi hatua ya 7.

Kuhusu idadi ya vyanzo, weka vinne kama unaweza. Kimoja kikikosea, vitatu vitakubaliana dhidi yake na kitatengwa. Ukiweka viwili tu na vikapishana, seva haina namna ya kujua yupi mkweli, kwa hiyo ni afadhali hata kimoja unachokiamini kuliko viwili. Kwa vyanzo vya nje, mstari mmoja unatosha:

`pool africa.pool.ntp.org iburst maxsources 4`

6. Fuata njia ya pakiti. Reach ikiwa 0, mara nyingi kizuizi kiko kwenye fayawoli, ya seva yenyewe au ya ofisi. Fungua dirisha la pili na usikilize:

`sudo tcpdump -n -i any udp port 123`

Ukiona pakiti zinatoka bila jibu kurudi, mtu fulani njiani anazila. Anza na upande wa seva ya saa, ambayo lazima iruhusu maombi kuingia: `firewall-cmd --permanent --add-service=ntp` ikifuatwa na `firewall-cmd --reload`, au `ufw allow 123/udp` kwa wenye Ubuntu. Katika usanidi wa chrony wa seva hiyo lazima pia kuwe na mstari wa kuruhusu wateja, kwa mfano `allow 10.20.0.0/16`, bila huo, chrony haimhudumii mtu yeyote hata fayawoli ikiwa wazi. Kitu kimoja kinachowachanganya waliohama kutoka ntpd: ile ya zamani hutuma maombi kutoka poti 123 kwenda poti 123, lakini chrony hutuma kutoka poti yoyote ya juu. Fayawoli iliyoandikwa kwa masharti kwamba pande zote mbili ziwe 123 itaipitisha ya kwanza na kuikataa ya pili, na wewe utadhani chrony ndiyo mbovu.

Usitumie `ping` kuthibitisha njia. Ping ikijibiwa haisemi lolote kuhusu UDP 123, na ikikataliwa pia haisemi lolote.

7. Rekebisha saa, kwa uangalifu. Kama tofauti ni chini ya sekunde moja, usifanye kitu. Chrony itaivuta polepole bila mtu kuhisi. Kama ni kubwa, elewa tabia ya programu kwanza. Usanidi unaokuja na mifumo mingi una mstari `makestep 1.0 3`, ambao huruhusu kuruka papo hapo kwa tofauti inayozidi sekunde 1, lakini katika masahihisho matatu tu ya mwanzo baada ya huduma kuwashwa. Kosa likitokea baada ya hapo, chrony haitaruka. Itavuta, na kwa mwendo wake wa juu kabisa kwenye Linux husahihisha sekunde 1 kwa kila sekunde 12. Kwa hiyo tofauti ya saa 6 itahitaji si chini ya saa 72. Ntpd nayo ina tabia yake: ikikuta tofauti inayozidi sekunde 1,000, hukata tamaa na kujizima.

Kulazimisha kuruka, tumia:

`sudo chronyc makestep`

Kabla ya kuibonyeza, fikiria unaelekea upande gani. Kuruka mbele kuna madhara machache: kazi zilizopangwa zinaweza kurukwa au kufanyika zote kwa pamoja. Kurudi nyuma ni hatari zaidi, kwa sababu hifadhidata itaandika miamala mipya yenye muda wa nyuma kuliko ile iliyokwisha kuandikwa, na kazi zilizokwisha kufanyika zinaweza kurudiwa. Nilishuhudia ofisi moja ikituma ujumbe uleule mara mbili kwa wateja wake wote kwa sababu saa ilirudishwa nyuma mchana bila kuzima kitu. Utaratibu ninaoufuata ni kuzima programu na hifadhidata, kusahihisha saa, kuthibitisha kwa `chronyc tracking`, kisha kuwasha hifadhidata na mwishowe programu. Kama seva ilikuwa mbele kwa dakika chache tu, wakati mwingine ni bora kuiacha imezimwa hadi muda halisi upite ule ulioandikwa mwisho.

Ukishasahihisha, subiri. Chrony huuliza vyanzo vyake kila baada ya sekunde 64 hadi 1,024, na kila unapoizima na kuiwasha kwa haraka ya kutaka kuona matokeo, unaianzisha hesabu upya. Nenda ukanywe chai, urudi baada ya dakika 20.

8. Hifadhi saa kwenye ubaomama. Mstari wa `rtcsync` ndani ya chrony.conf hufanya kazi hii yenyewe. Kwa mara moja unaweza kutumia `sudo hwclock --systohc`. Kisha fanya jaribio la betri: zima seva, chomoa nyaya zote za umeme, subiri dakika 10, uichomeke, na usome saa ndani ya BIOS kabla mfumo haujapanda. Ikiwa imerudi miaka ya nyuma, badilisha betri leo hii, usingoje. Seva isiyo na betri hufanya kazi vizuri miezi mingi kwa sababu haizimwi. Siku umeme unapokatika kwa muda mrefu kuliko uwezo wa UPS, ndipo anapoamka mtu wa mwaka 2000. Ukifungua mashine za huku kwetu, puliza na vumbi kwanza. Vumbi la Dodoma hujaa mpaka huioni betri ilipo.

9. Ipe ofisi chanzo chake. Usiziache seva 30 kila moja iende mtandaoni kivyake. Chagua mbili au tatu ambazo ni mashine halisi, zisome kutoka nje, na nyingine zote zisome kutoka kwao. Katika moja ya hizo, ongeza `local stratum 10`, ili intaneti ikikatika siku nzima ofisi iendelee kukubaliana kwa saa moja hata kama inakosea kidogo. Tahadhari: mstari huo usiuweke kwenye wateja. Ukiuweka kila mahali, kila mashine itajiona chanzo halali, na hutapata onyo lolote zitakapoanza kuachana.

Ukikwama

*Amri ya chronyc inajibu `506 Cannot talk to daemon`.* Huduma haijawashwa, au imekufa kwa kosa la tahajia ndani ya faili la usanidi. Soma `journalctl -u chronyd` (au `-u chrony`), na utaona mstari wenye kosa ukitajwa kwa namba yake.

*Reach ni 377 lakini alama inabaki `^?`.* Chanzo kinajibu ila chenyewe hakijasawazishwa, kwa hiyo chrony inakikataa kwa haki. Nenda kwenye chanzo hicho uanze hatua ya 1. Ikiwa chanzo ni seva ya Windows iliyo sawa, kuna sababu nyingine: Windows mara nyingi hutangaza kiwango kikubwa cha mashaka, sekunde 3 au zaidi, na chrony kwa kawaida haivumilii kinachozidi 3. Ongeza `maxdistance 16.0` katika usanidi wa mteja.

*Vyanzo vyote vina `^x`.* Vinapishana na hakuna walio wengi. Pima kila kimoja peke yake kwa `chronyd -Q`, ulinganishe na simu, umwondoe aliyepotea. Angalia pia kama umechanganya `time.google.com` na vyanzo vya kawaida. Google huisambaza sekunde ya nyongeza katika siku nzima badala ya kuiingiza kwa mkupuo, na mchanganyiko huo haushauriwi hata kama sekunde ya mwisho ya aina hiyo iliongezwa mwishoni mwa 2016.

*Seva haiwezi hata kutafsiri jina la chanzo cha saa.* Huu ni mduara mbaya. Saa imepotea sana, kwa hiyo sahihi za DNSSEC, zinazothibitisha majina ya mtandaoni, zinaonekana zimekwisha muda au hazijaanza kutumika; majina yanakataliwa; bila majina saa haipatikani; bila saa majina hayakubaliki. Vunja mduara kwa kuweka chanzo kimoja kwa anwani ya namba badala ya jina, na chanzo cha ndani cha hatua ya 9 kinafaa hasa kwa kazi hii.

*Kompyuta pepe inaruka kila inapohamishwa au kurejeshwa kutoka kwenye nakala yake iliyogandishwa.* Mashine mwenyeji inaisukumia saa yake. Amua nani aongoze: ninapendelea kuzima usawazishaji wa VMware Tools au wa Hyper-V na kuiachia chrony iliyo ndani, nikihakikisha kwamba mwenyeji naye anasoma NTP. Kama ni kontena, usiweke chrony ndani yake hata kidogo. Kontena hutumia saa ya mwenyeji, na hapo ndipo pa kurekebisha.

*Watumiaji wa kikoa cha Windows wanakataliwa kuingia.* Kerberos, utaratibu ambao kikoa hutumia kumthibitisha anayeingia, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Kwenye kompyuta iliyokataliwa endesha `w32tm /query /source`. Jibu likiwa `Local CMOS Clock`, haisomi kutoka kwa yeyote. Ipime kwa `w32tm /stripchart /computer:10.20.1.5 /samples:5 /dataonly`, kisha `w32tm /resync`. Usiziwekee kompyuta za kikoa vyanzo vya nje moja moja. Tafuta seva inayosimamia kikoa yenye jukumu la PDC, yaani ile inayoongoza saa ya kikoa, uielekeze hiyo kwenye chanzo sahihi, na nyingine zitaifuata. Kwa ukanda, chaguo letu linaitwa `E. Africa Standard Time`, lenye jina la Nairobi kwenye orodha.

*Ofisi iko mbali na inatumia setilaiti au modemu ya simu.* NTP hudhani kwamba safari ya kwenda na ya kurudi ni sawa. Zisipolingana, kosa linaweza kufikia nusu ya muda wa safari nzima, na kwa setilaiti ya mbali safari hiyo huzidi nusu sekunde. Kwa risiti na kumbukumbu za kawaida hilo halidhuru. Ukihitaji usahihi zaidi, kipokezi cha GPS chenye antena inayoona anga ndicho kitakachokufaa, si kuongeza vyanzo.

*Yote yanaonekana sawa lakini baada ya wiki kosa linarudi.* Endesha `chronyc tracking` na usome `Frequency`. Ikiwa inabadilika sana kati ya mchana na usiku, kagua kipoza hewa cha chumba. Kioo cha saa hubadili mwendo kwa joto, na chumba kisicho na kipoza mwezi Novemba hapa kwetu si rafiki. Ikiwa namba hiyo haitulii hata joto likiwa sawa, mshukiwa ni mwenyeji wa kompyuta pepe au ubaomama wenyewe.

Ukiona bado umeshindwa na unataka kumwuliza mtu, mtumie tofauti uliyoiandika katika hatua ya 1, majibu ya `timedatectl`, `chronyc sources` na `chronyc tracking` yakiwa kamili, na maelezo ya kilichotangulia: umeme ulikatika lini, nani alibadilisha betri, nani aliijaza saa, na alimwuliza nani.